Pikapu Yako Imetoka, Khalfani

Mwaka mmoja umetimia leo, Khalfani Marijani, tangu ulipotutoka. Siku nne kabla ya hapo uliiweka spana namba kumi na mbili juu ya paa la pikapu yako, ukasema kichwa kinakugonga, unakwenda kujinyoosha kidogo. Spana ile ilikaa pale pale ulipoiacha mpaka ikaacha umbo lake kwenye vumbi. Mkeo Somoe hakukubali mtu aiguse, na sisi tulipoona anavyoitazama tukajua habari ya gari lile bado haijaisha.

Kumbukumbu nyingi husema marehemu alikuwa mpole. Sisi hatutakusingizia. Ulikuwa mkarimu mpaka unakera, ulikuwa na kicheko cha kuamsha kuku waliolala, lakini upole hukuwa nao. Ulikuwa mbishi, na ubishi wako mkubwa kuliko wote ulikuwa umesimama uani kwa Somoe, Tandika, juu ya matofali manne.

Ulipopunguzwa kazi kiwandani mwaka tisini na moja, wenzako wengine walifungua genge na wengine wakaingia kwenye mitumba. Wewe ulikwenda mnadani ukarudi na Datsun ndogo ya mwaka sabini na mbili, inavutwa kwa kamba, mlango mmoja haupo, sakafu imeliwa na kutu hata ardhi inaonekana. Somoe alitoka barazani na pini za kushonea mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kusema neno.

"Baba Zubeda, hiki nini?"

"Gari."

"Gari liko wapi?"

"Limo humo ndani. Ngoja nilitoe."

Basi ikawa miaka minne ya kulitoa. Na miaka yenyewe ilikuwa ile ambayo kila mwenye mjomba Dubai alikuwa anashusha gari bandarini, lenye kiyoyozi na redio isiyoshika stesheni hata moja ya hapa kwetu. Walikuwa wakipita wanapiga honi, wanachungulia uani, wanakwambia: "Khalfani, dunia imefunguliwa, we bado unakwangua kutu!" Ulikuwa huinui hata kichwa. "Hiyo yako katengeneza mtu mwingine," ulikuwa unawajibu. "Hii natengeneza mie."

Ukaitengeneza kweli. Ulinyoosha bodi kwa nyundo ya mbao. Ulipunguza springi, pikapu ikachuchumaa mpaka kaka yako Mudathir akakuuliza kama hujui mashimo ya mji huu. Ubavuni mwa bodi ya nyuma uliweka mbao za mninga ulizozichagua mwenyewe Keko, ukazipiga msasa mpaka zikateleza, tena ukazitokeza nje kidogo kila upande kwa sababu ulisema gari lazima liwe na mabega. Rangi uliipuliza kwa bomba la dawa ya mbu, mkono wako mwenyewe, rangi ya bizari, na kwa wiki nzima hata kanzu zako za Ijumaa zilikuwa na madoa ya bizari.

Halafu ile pembe. Ulikwenda machinjioni Vingunguti kutafuta pembe ya ng'ombe ya kufanyia kichwa cha gia, ukaichemsha ilainike, na ukaichemshia kwenye sufuria la Somoe la pilau. Siku mbili hakukusemesha. Siku ya tatu alikuta umemnunulia sufuria jipya, lakini la zamani alikataa kulitupa, na mpaka leo analo. Anasema lile ni la gari.

Siti alishona yeye. Ngozi ya bandia rangi ya damu ya mzee, mishono miwili miwili, na katikati ua dogo ambalo hukumwomba. Siku alipomaliza ulikaa, ukasema sasa na dereva mwenyewe afundishwe. Kila jioni baada ya alasiri mliingia humo, yeye kwenye usukani, wewe pembeni, gari likiwa juu ya matofali na injini imezimwa. Ulikuwa unatoa amri kama askari. "Klachi! Gia ya pili! Kuna mbuzi huyo, breki!" Somoe anacheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya kanga, lakini mguu wake unatii. Kwa miaka mitatu alikuwa anaendesha kutoka Tandika mpaka kwenu Mbweni na kurudi, bila kutoka uani.

Mwaka mmoja kabla hujafa, jirani yetu Azan, mwenye duka, alikuja na kofia mkononi. Mama yake, Bi Maisa, alikuwa amepooza upande mmoja, na chumba pekee ambacho kingekuwa karibu na maji na choo ni hicho ambacho angekijenga kwenye uchochoro wetu. Ndio uchochoro ambao pikapu ilipita kuingia. Wewe ulikuwa na puti ya kuzibia mabonde ya bodi, mikononi mpaka viwikoni.

"Jenga," ukamwambia.

"Na gari yako, Khalfani?"

"Panabaki nafasi, itapita. Wee jenga, bi mkubwa apumzike."

Uliutoa uchochoro kama mtu anayempa jirani chumvi. Somoe naye alichota maji ya saruji. Chumba kikaisha, Bi Maisa akahamishiwa humo, na kila asubuhi ukawa unamwamkia dirishani kabla hujashika spana. Hakuna aliyepima kilichobaki, wala wewe fundi mwenyewe.

Ulipofariki, Somoe alikaa eda yake ya miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, kama anavyotakiwa. Mwezi wa pili wa eda Mudathir alikuja na bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga kule Mabibo. Somoe alikaa nyuma ya pazia, wao wakasimama ukumbini.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, mama Zubeda. Nitasema kwa ufupi. Huyu bwana anataka injini. Bodi tutaikata kwa gesi, iende chuma chakavu. Uani kwako pabaki pasafi."

"Gari ya Khalfani haikatwi."

"Gari gani, shemeji? Miaka minne haijasogea hata hatua moja. Marehemu ndugu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anacheza tu pale."

Nyuma ya pazia Somoe aliinuka alipokuwa amekaa. Hilo neno kucheza ndilo lililomuuma. Angesema gari bovu, angesema gari la zamani, angevumilia. Aliyaona macho yako yalivyokuwa mekundu kwa vumbi la puti, aliijua mikono yako ilivyokuwa inapasuka kwa petroli, na huyu, uliyenyonya naye ziwa moja, anaita mchezo.

"Alikuwa hachezi," akasema.

Mudathir aliligeukia pazia. Hakuwa na nia mbaya, tunamjua. Ni mtu wa kupenda mambo yaishe. "Haya," akasema. "Mie nina fungu langu kwenye hiyo gari, kisheria, na unajua. Ikitoka nzima, kwa magurudumu yake, kabla ya hitma ya mwaka, fungu langu nakusamehe mbele ya watu. Isipotoka, nakuja na mtungi wa gesi. Na usije ukanililia."

"Nani kakwambia nitalia?"

Akalia, bila shaka, walipoondoka. Kisha akavaa kanzu yako kuukuu juu ya nguo zake za eda, akatoka uani, akachukua msasa. Ulikuwa hujamaliza mlango wa kushoto. Shangazi yako Bahiya alipokuja kumtazama alimkuta mweupe kwa puti kuanzia nyusi mpaka vidole.

"Somoe! Mjane wa eda anapiga msasa?"

"Eda imenikataza wanja na manukato, shangazi. Msasa sikuusikia ukitajwa."

Shangazi alivuta kigoda akakaa kumtazama, na jioni alipoondoka naye alikuwa na puti kwenye kanga. Rafiki yako Nikodemu, mchomeleaji, hakuweza kuingia ndani kwa sababu ya eda. Alichomelea vipande kwake, akavipitisha juu ya ukuta kwa binti yako Zubeda, na maelekezo akayapaza kwa sauti mtaa wote ukasikia. Ndivyo mlango ulivyokwisha, ndivyo na sakafu ilivyokwisha. Kuna siku nyingi ambazo Somoe alikaa kwenye ile siti, akashika pembe ya gia, akapiga gia zote nne mpaka Mbweni bila mtu wa kumwambia kuna mbuzi. Siku hizo hakucheka.

Mwezi wa nne mwaka huu, masika yakinyesha, eda imekwisha zamani, Nikodemu alimwaga petroli kidogo kwenye kabureta na pikapu ikawaka. Iliwaka, Khalfani! Ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi mweusi, halafu ikatulia na sauti ile uliyokuwa ukituigizia kwa mdomo. Wapangaji walitoka na watoto migongoni. Somoe aliishusha kwenye matofali siku hiyo hiyo, akachukua futi yake ya kushonea, akaipima pikapu kama anavyopima mteja, mabega kwa mabega. Kisha akaenda kupima uchochoro.

Pikapu, pamoja na mabega yake, futi tano na nusu. Uchochoro, kati ya ukuta wa Bi Maisa na choo chetu, futi nne na inchi tatu. Alipima tena. Hata tukivua mbao zote za mninga, kichwa chenyewe hakipiti. Na ili kipite ingebidi kukatwa.

Tulikukasirikia, tunasema ukweli. Somoe aliirudisha futi shingoni akasema kwa sauti, "Khalfani wewe!" na tukadhani atakutukana. Habari ikafika mtaani kabla ya magharibi. Watu walikuja kuona gari lililofungiwa uani na mwenyewe. Walicheka mpaka wakashikana mabega, na mmoja aliuliza kama Somoe atafugia kuku humo.

Azan hakucheka. Alikuja amepauka uso.

"Dada Somoe, mie nabomoa. Kesho. Bi mkubwa tutamhamishia ndani, tutabanana."

Somoe akaenda dirishani. Bi Maisa alikuwa amelala akiitazama pikapu, kama kila siku. Alikuwa amesikia yote, na kwa upande wa mdomo uliobaki akasema, "Mwanangu, nibebeni nitoke. Gari lipite."

Hapo ndipo mkeo alipokuwa na njia mbili, na zote zilikuwa zinakuvunja wewe. Akate gari, ubaki mtu aliyecheza miaka minne. Abomoe chumba, ubaki mtu aliyetoa kisha akanyang'anya. Akashika nondo za dirisha.

"Hutoki, Bi Maisa," akasema. "Khalfani hakuazimisha hapa. Alitoa."

Akaingia ndani kwake. Nyumba ile, kama unavyojua, aliachiwa na mama yake: ukumbi katikati, vyumba viwili kulia, viwili kushoto. Kushoto mbele ni chumba chenu cha kulala, nyuma yake chumba cha cherehani, na nyuma ya cherehani ni uani. Tulimsikia akisogeza kitanda. Tulipochungulia tukamkuta amepiga magoti na futi yake, anapima sakafu kutoka ukuta mpaka ukuta. Futi kumi. Alicheka peke yake, kicheko ambacho hatukukisikia tangu ulipoondoka.

Mwashi Nassibu alipoitwa alidhani anatakiwa kutoboa dirisha.

"Toboa ukuta," Somoe akamwambia. "Wa uani, wa katikati, na wa mbele."

"Mama, hii si nyumba ya kulala watu?"

"Nyumba yangu, ukuta wangu. Lenta ile ya zege iache hapo juu, weka nguzo za mirunda zishike, na chini uniachie futi saba za wazi. Vumbi sitalilalamikia."

Wakasema mjane amerukwa na akili. Waliosema hivyo wako pale pale mtaani na majina yao tunayo, ila gazeti hili linatoza matangazo kwa idadi ya maneno. Wasome tu. Kama kuipenda kazi ya mume wako ni wazimu, basi nyumba hii ina wazimu wote, na tumeamka nao salama leo.

Jumamosi iliyopita, tarehe nane, kila kitu kilikuwa tayari. Kitanda kilikuwa barazani kwa Azan, na cherehani ilikuwa imefunikwa kanga. Ukisimama uani ulikuwa unaona mtaa kupitia chumbani kwako, na ukisimama mtaani ulimwona Bi Maisa, ambaye Azan alikuwa amemkalisha na mito dirishani ili aone. Mbao nyingine nene zililazwa juu ya magunia ya mchanga zipande mpaka kwenye msingi, kwa sababu pikapu uliichuchumaza mno, na bila mbao tumbo lingekwama. Wakati huo huo Mudathir akafika na vijana wawili na mkokoteni, na juu ya mkokoteni mtungi wa gesi. Alikuja mapema makusudi. Alipoona mbele ya nyumba hakuna ukuta alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Haya wanaume," Nikodemu akasema, "tusukume."

"Hapana," Somoe akasema. "Shemeji alisema kwa magurudumu yake. Hakusema kwa migongo ya watu."

Akaiondoa spana namba kumi na mbili juu ya paa, mara ya kwanza tangu mkono wako, akaitia chini ya siti. Akakaa. Akawasha, akatia gia ya kwanza, akaachia klachi kama ulivyomfundisha, na gari likaruka kama chura likazima. Kwa sababu hukumfundisha klachi inavyoshika, Khalfani. Juu ya matofali hakuna klachi inayoshika. Mtaa mzima ukapiga kelele. Mtu mmoja akapiga mluzi. Tulimwona Somoe amefumba macho, na kwa kweli hata sisi tuliogopa.

Akawasha tena. Safari hii aliiachia taratibu kama anavyoachia uzi kwenye kitambaa cha hariri, na pikapu ikapanda mbao, ikakwaruza tumbo, ikaingia chumba cha cherehani. Ikapita ukuta wa katikati. Ikaingia chumbani kwenu. Mninga ulikuwa karibu na mirunda kwa upana wa kiganja, pikapu ikaanza kwenda upande, na pale pale kitanda kinapokuwaga, Somoe akakanyaga breki. Injini inanguruma, dari inatingishika, yeye hajui akate wapi.

Ndipo tukasikia sauti.

"Kushoto! Kata kushoto, mama Zubeda! Kidogo! Basi! Nyoosha! Njoo, njoo, njoo!"

Alikuwa Mudathir. Alikuwa amesimama mtaani mbele ya taa za gari, anarudi kinyumenyume, mikono hewani, kofia imeanguka hata hajui. Alimwita hivyo hivyo hatua kwa hatua, mpaka magurudumu ya mbele yakashuka barazani, kisha ya nyuma, na pikapu yako, nzima, na mabega yake yote, ikasimama Tandika kwenye jua. Bi Maisa alipiga kigelegele kwa nusu mdomo. Mudathir aliukalia mtungi wake wa gesi akajifunika uso kwa viganja.

"Kumbe alikuwa hachezi," akasema. Alilisema mara nyingi. Kisha akasimama, akamsamehe Somoe fungu lake mbele ya watu, kama alivyoahidi, ingawa hakuna aliyekuwa anamsikiliza kwa vifijo.

Jumatatu Nassibu alikuja kujenga kuta. Wa katikati alijenga, na wa uani alijenga. Wa mbele Somoe alimzuia. Ameweka mlango mkubwa wa mbao, wa kufunguka pande mbili, na kitanda amekihamishia chumba cha cherehani. Mahali palipokuwa na kitanda chenu, upande uliokuwa unalala wewe, ndipo inapolala pikapu.

Leo Ijumaa tunakwenda Mbweni kwenye hitma yako. Masufuria ya pilau yamo nyuma, na lile la pembe ni mojawapo. Somoe anaendesha, na L ya mwanafunzi wa udereva, aliyoikata kwenye kitambaa chekundu akaishona, imefungwa mbele na nyuma. Nikodemu mwenye leseni amekaa pembeni. Mudathir yuko nyuma na masufuria. Amekataa kukaa mbele, na tusidanganyane kwamba ni adabu. Anaogopa.

Unakumbukwa na mkeo Somoe, binti yako Zubeda, kaka yako Mudathir Marijani, shangazi yako Bi Bahiya, rafiki yako Nikodemu, jirani yako Azan na mama yake Bi Maisa ambaye bado ana chumba chake, wapangaji wote wa Tandika, na ukoo mzima wa Marijani, Mbweni. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Kukusahau hatuwezi hata tungetaka, Khalfani: kila asubuhi Somoe anapoiwasha mle chumbani, nyumba yote inatingishika, na sote tunaamka.